Makombe Juu ya Turubai la Tangawizi

Jumatatu, 9 Juni
Nimemtia mama dawa ya jicho, nimepika makande, nimefua. Makombe ya pwani sijayagusa. Mifuko iko barazani vilevile nilivyoishusha kwenye bodaboda. Inanuka. Jirani yetu, Mama Eliwaza, amepita akauliza kama nimeficha panya aliyekufa. Nimemwambia ni konokono wa baharini na ndugu zao, na ndio shahada yangu ya uzamili. Amecheka mpaka akashika ukuta.

Ukungu haujaondoka hapa kijijini Mamba kutwa nzima. Mwili umeganda, akili inakimbia. Nimekuja kumuuguza mama na tayari nataka kuondoka.

Jumatano, 11 Juni
Msimamizi wangu wa chuo amepiga simu. Anataka majedwali Ijumaa ya wiki ijayo: aina ngapi za moluska, na wangapi kwa kila pwani. Pwani zenyewe ni tatu, huko upande wa Pangani. Ya mikoko, ya mchanga, ya miamba. Kila moja na mifuko yake. Kule nilikusanya tu. Kuhesabu nikasema nitafanya nyumbani kwenye utulivu. Utulivu gani.

Kamati ya kijiji cha kule nayo inasubiri. Nikionyesha kwamba miambani wamepungua kwa kuokotwa, watapafunga kwa muda. Wanawake wanaookota tondo, konokono wa kitoweo, itabidi wakae nyumbani. Mzigo huo sikuuomba.

Mama hatulii. Tangu apasuliwe jicho daktari amemkataza kuinama, basi anazunguka ua na kuuliza kazi yangu inaisha lini. Ananichosha.

Alhamisi, 12 Juni
Kesho nashuka Same kuchukua dawa na kutafuta mtandao wa maana. Nikirudi naanza kuhesabu. Hakuna kisingizio tena.

Ijumaa, 13 Juni


Nimerudi kutoka Same nikakuta turubai la kuanikia tangawizi limetandazwa uani, na makombe yangu yote yako juu yake. Masafi. Yanang'aa. Mama yuko kwenye kiti anaelekeza. Mama Eliwaza na wenzake wawili wa kikundi cha tangawizi wamechuchumaa wanachambua. Wamefanya kama wafanyavyo tangawizi kila msimu: toa kwenye mifuko, osha udongo, sugua kwa gunzi, panga kwa ukubwa. Makubwa huku, ya kati huku, madogo kule. Yaliyovunjika wamewatwangia kuku. Hata mifuko wameifua, imeanikwa kwenye kamba, majina ya pwani bado yanasomeka. Haina kitu ndani.

"Shikamooni," nimesema, kwa mazoea tu.

"Marahaba. Tumekupunguzia kazi, mwanetu," amejibu Mama Eliwaza.

Nimefoka. Mbele ya watu, nimemwambia mama ameniharibia maisha. Ameinuka polepole, akaingia ndani. Wale wengine wakajifuta mikono, wakaondoka bila kuaga.

Jumapili, 15 Juni
Sikwenda kanisani. Mama ameenda na Mama Eliwaza, hakuniaga. Nina hasira na nina aibu, na hasira ndiyo kubwa.

Aina bado ninazitambua. Kauri, tondo, kome, chaza, na yale marefu membamba ya mchangani. Ni wengi kuliko nilivyodhani, na kwa usafi huu wanapendeza, lazima niseme. Lakini nani ametoka wapi? Kauri huyu nimemwokota miambani au mikokoni? Matope ya mikoko ndiyo yangeniambia. Wameyasugua.

Jumanne, 17 Juni
Nimejaza jedwali. Kwanza kwa kukumbuka, kisha kwa kukisia, mwisho kwa kutunga. Limetoka zuri. Miambani wachache, mikokoni tele, kama kila mtu anavyotarajia. Hakuna atakayejua.

Kisha nikamkumbuka mama mmoja wa kule, aliyenionyesha pa kukanyaga nisiteleze, na ndoo yake ya tondo mkononi. Nitamfungia pwani kwa namba nilizozitoa kichwani mwangu, nikiwa nimekaa huku mlimani na blanketi mabegani. Nimefuta. Nimejaza tena. Nimefuta. Chakula hakipiti.

Ijumaa, 20 Juni
Nimempigia msimamizi. Nimesema kweli yote, mpaka ya kuku.  Orodha ya aina ibaki, amesema, lakini kuhesabu kurudiwe. Wiki ijayo mwezi unaandama, bamvua itayavuta maji mbali, nirudi pwani zote tatu nianze upya. Mahafali ya mwaka huu basi tena.

Nimelia kidogo nyuma ya zizi. Halafu njaa ikaniuma, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

Jumatatu, 23 Juni
Mama ameamka jicho likiwa angavu, halina uchafu. Anaona mpaka bonde la pili. Alikaa barazani nikifunga begi. Mama Eliwaza amekubali kulala naye nikiwa pwani. Nilimwomba mama radhi kwa kufoka. Akasema hayo yameisha.

Kisha akasema, "Nilitaka ile kazi yako iishe, ukae."

Alidhani nikimaliza nitabaki. Mimi nataka nimalize nipate kazi ya pwani, nihamie huko kabisa. Sijawahi kumwambia. Leo nimemwambia, vizuri, bila kupindisha.

 Akauliza kama huko kuna baridi. Nikasema hakuna, mama, hata kidogo.

Akasema basi hii sweta niliyovaa nimwachie, atavaa yeye.

Nimeikunja, nimeiweka kitandani kwake.