Aliyewazika Watu wa Ndui

Jumatatu, 1 Mei 1911
Kaka yangu Aubrey kanitwika historia ya kanisa lake. Kijitabu, cha sikukuu ya miaka mia sita. "Wewe dada huna kazi." Sina kazi! Nyumba hii ya makasisi ina vyumba kumi na vinne, paa linavuja kwenye saba, na kasisi mwenyewe hajui hata kuchemsha yai.

Jumatano, 3 Mei
Kutwa nimeinamia kasha la madaftari ya kanisa. Panya wamekula ubatizo wa miaka thelathini. Mzee Tuckwell, mchimba makaburi, kaja kunifundisha: mfalme mmoja alijificha mnarani siku tatu. Mfalme gani? "Yule mnene." Nani kasema? Babu yake. Nikaguna. "Bi Hester, ukitaka kubishana na marehemu, wako hapo nje." Lo!

Ijumaa, 5 Mei
Sasa hili! Maandishi ya marumaru ukutani kanisani yasema Kasisi Josiah Lyddon hakuwakimbia watu wake mwaka wa ndui, 1741 — aliwazika mwenyewe. Kila mtoto hapa anayajua kwa moyo. Daftari lasema mengine. Maziko arobaini na matatu, kila mstari una sahihi ya Nathan Tuckwell. Mchimba makaburi! Alichimba, akasoma sala, akaandika. Kasisi alikuwa mjini Bath, kwenye chemchemi za maji moto. Barua yake imo humo humo kashani — anaulizia jibini lake.

Jumapili, 7 Mei
Nimemwonyesha Aubrey. Uso ukawa mweupe kama maziwa. "Usiandike, dada." Bi mkubwa Lyddon, wa ukoo wa kasisi yule, ndiye anayechagua kasisi wa hapa, na ndiye aliyemchagua yeye. Baada ya ibada bibi huyo kanishika mkono: babu yake Josiah apewe kurasa nne. Nne! Na mimi nikatabasamu. Mjinga mkubwa mimi.

Jumanne, 9 Mei
Aubrey kaichukua barua, "isipotee". Daftari nililiwahi, nikalificha kwenye pipa la unga.
Tuckwell kabisha hodi jikoni, kofia mkononi. Hajui kusoma. Kasikia naandika wote waliolitumikia kanisa. "Sisi tulichimba tu, Bi Hester, najua. Ila… tumo? Hata pembeni?"
Nimelitoa daftari, nimelikung'uta, nimelifungua mezani penye jina la Nathan, nimsomee. Yuko bombani ananawa mikono, asije akachafua karatasi. Aubrey ananiita kutoka sebuleni — Bi mkubwa kafika, anataka kuona kurasa zake. Anaita tena. Tuckwell huyo anaingia, mikono inachuruzika maji —