Magoti ya Queen

Kahangara, Magu
7 Januari 2024

Mama Queen,

Mwangaluka. Huku sote wazima, hata ng'ombe wamenona kwa mvua hizi. Mwanangu Paulo hajambo? Na mgongo wake?

Krismasi nilifurahi mno kumwona mjukuu wangu, lakini kuna neno limenikaa kooni. Kila asubuhi mtoto ananisalimia amesimama wima kama mgambo. Binti wa Kisukuma, hapigi goti mbele ya bibi yake, na majirani wanatazama. Nilijua tu, mkimwita mtoto Queen atataka sisi ndio tumpigie goti. Mfundishe. Sina ugomvi, nasema tu.

Mama yenu,
Evelina

Buhongwa, Mwanza
11 Februari 2024

Shikamoo mayu,

Hatujambo, na mgongo wa Paulo umetulia. Barua yako niliisoma nikacheka, halafu nikamwita Queen apige goti nione. Alijaribu, machozi yakamtoka. Mayu, siyo utovu wa adabu. Magoti yamevimba, na asubuhi hayakunjiki mpaka jua lipande. Alituficha akiogopa tungeahirisha safari ya kuja kwako.

Daktari wa watoto amesema ni ugonjwa wa viungo. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, inayashambulia magoti yake yenyewe. Kipimo kimoja cha damu kimesoma juu, maana yake uvimbe bado unawaka ndani. Kingine kimesoma hasi. Ameanza dawa. Tusipowahi, viungo vinaweza kuharibika moja kwa moja. Naogopa, mayu.

Mwanao,
Mama Queen

Kahangara
25 Februari 2024

Mwanangu Modesta,

Poleni na hongereni. Nilipofika kwenye neno hasi nilipiga vigelegele mpaka mbwa wakabweka. Hasi si ndiyo hakuna ugonjwa? Jumapili nimetoa shukrani kanisani, jogoo mzima, na mchungaji ametangaza kwamba mjukuu wangu ni mzima.

Kwa hiyo msimchoshe na vidonge. Jirani yangu Mashimba, anayeleta samaki mjini, atawapa dagaa na chupa mbili za mizizi niliyochemsha mwenyewe, ya kuongeza kinga. Mwambie Queen bibi hana kinyongo.

Mama yenu,
Evelina

Buhongwa
3 Machi 2024

Shikamoo mayu,

Natumaini hujambo. Dagaa tumekula, asante. Chupa ziko juu ya kabati na sijampa. Usinikasirikie.

Kinga ya Queen haijapungua, imezidi ukali. Ni kama yule mbwa wako Simba, angeacha wezi akaanza kung'ata wenye nyumba. Ungemwongezea nyama? Kidonge anachomeza kila Jumamosi ni cha kuituliza. Mizizi pamoja na kidonge hicho inaweza kuumiza ini, na ini lenyewe wanalifuatilia kwa vipimo vya damu. Ile hasi, daktari anasema watoto wengi wenye ugonjwa huu husoma hasi. Ugonjwa upo.

Jogoo Mungu ameshampokea, usimdai. Dawa haifanyi kazi kwa haraka, ila sasa anashuka kitandani bila kulia. Juni nitamleta. Nakuomba sana, asionjeshwe kitu cha chupa.

Mwanao,
Mama Queen

Kahangara
7 Julai 2024

Mwanangu Modesta,

Mmefika salama? Nyumba imekuwa kimya, Simba bado anamtafuta Queen.

Ile Jumamosi uliyokwenda Magu, kidonge nilimpa kwa mkono wangu, baada ya uji. Mizizi iliyobaki huku nimeimwaga kwenye migomba. Najua, dawa inaendelea hata akiruka kama mbuzi. Nimeelewa.

Sasa sikia jambo ambalo hukuliona. Asubuhi ya kuondoka, ulipokuwa unafunga mizigo, Queen alinifuata jikoni. Akashuka taratibu, goti la kwanza, goti la pili. "Shikamoo, bibi." Nikaitika marahaba, nikamwambia inuka upesi usijeumia. Akasema, "Ngoja bibi, bado nafurahia." Uji ukaungua, sikuujali. Ndiyo maana mlikunywa chai ya rangi.

Akainuka mwenyewe bila kushika ukuta. Nami, kwa furaha, nikashuka palepale nimshukuru Mungu. Kushuka nilishuka. Kuinuka ndiko kulikonishinda, na aliyenivuta mkono ni huyo Queen wenu.

Mama yenu,
Bibi Queen