Kibodi Kutoka Chini ya Magunia ya Ulezi

Sumbawanga Mjini,
Juni

Kaka yangu Valerian,

Shikamoo. Wifi na watoto wameamkaje hapo Mpui? Na mama, magoti yake yanamruhusu kwenda kanisani? Mimi nakula na kulala vizuri, ila baridi ya mwezi huu imetushika barabara. Asubuhi vidole havifanyi kazi mpaka nivikumbatishe kikombe cha chai.

Nasikia unanicheka eti nimenunua chuma chakavu. Cheka tu, kaka, kicheko hakina kodi, ila nisikilize kwanza.

Ofisi moja hapa mjini ilikuwa inauza vitu vyake vya zamani, na kibodi hii ilikuwa stoo, chini ya magunia ya ulezi ya mlinzi. Ni nzito kama jiwe la kusagia. Nilipoipindua, ulezi uliomwagika ungetosha uji wa mtu mmoja, watu wakacheka. Mimi nilibonyeza kitufe kimoja tu nikaipenda. Kila kitufe kina kibonde kidogo cha kupokea kidole, kinazama, halafu kinalia kukujulisha kwamba herufi imeingia. Kibodi za siku hizi ni bapa na bubu, unabonyeza hujui kama umesikilizwa. Walioitengeneza hii waliviheshimu vidole vya watu.

Shida ilikuwa waya wake. Una kichwa cha duara, na kompyuta ya pale steshenari ninakopiga chapa haina tundu lake. Nikaipeleka kwa dada Kulsumu, mke wa Faruk mwenye magari yaendayo Muze; dada huyo hutengeneza simu na kompyuta karibu na soko. Kaka, yule dada ana mikono. Aliifungua taratibu, akasugua springi mojamoja kwa mswaki, vitufe akavilowesha kwenye maji ya sabuni na kuvianika kwenye ungo. Akasema kibodi haijafa, ila inasema lugha ya zamani ambayo kompyuta haiijui, nami nikamkumbuka bibi yetu alivyokuwa akienda kwa mtendaji na Kifipa chake kitupu. Basi akachomelea ndani kibao kidogo kiwe mkalimani, akaweka waya unaoingia kwenye tundu la flashi. Nilikaa pale nikifurahia utulivu wake.

Vitufe aliniachia nivirudishe mwenyewe. Nilipomaliza, aliniuliza kwa upole kwa nini nimeweka O mahali pa Q, na E mahali pa F. Nikavipapasa upya, kimoja kimoja. Akaegesha mlango wa duka, akaniuliza tangu lini. Nilimwambia, na sasa nakuambia na wewe.

Macho yangu yanakwisha, kaka. Daktari amesema ugonjwa uko nyuma ya jicho, na dawa inachelewesha tu, hairudishi kilichopotea. Watu nawaona kama walio nyuma ya chandarua. Nilinyamaza kwa sababu nakujua: ungekuja mara moja kunichukua nikakae jikoni kwa mama nikihurumiwa. Sitaki. Wateja wangu wengi huja na barua zao mdomoni, wao wanasema, mimi napiga. Siku ile Kulsumu alinifumbisha macho, akanisomea tangazo la ndoa mpaka mwisho. Nilikosea neno moja tu, jina la bwana harusi, naye akasema huyo atasamehe kwa furaha aliyo nayo. Mzee Obed, mwenye steshenari, nimeshamweleza. Amesema kiti kile ni changu maadamu vidole vyangu vinasikia.

Kwa hiyo usije kunichukua. Njoo unitazame nikifanya kazi. Barua hii nimeipiga peke yangu, kioo cha kompyuta kikiwa kimezimwa.

Msalimie wifi, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Mama usimwambie kitu kwa sasa. Nitakuja Krismasi nimwambie mwenyewe, nikiwa bado nauona uso wake.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Agnesi