Tusi la Pazi

Jumatatu, 5 Mei

Ndege wengi leo. Tumeamia mpunga tangu alfajiri, mimi na Zena, tukigonga madebe na kupiga kelele, kila mtu upande wake juu ya dungu. Koo zimekauka. Zena hana habari na kipindi. Mimi roho juu. Alhamisi tutajiona kwenye televisheni, sisi watu wa Ikwiriri! Yale mashindano waliyoturekodi kule Salale, kulala kando ya mikoko na kupigiana kura za kutoana. Zena aliniahidi kura yake, akanigeuka. Nami nikamgeuka, akatolewa. Baadaye tulicheka mpaka basi.

Alhamisi, 8 Mei

Nimejifungia ndani.

Ukumbi wa video ulijaa. Mara naonekana mimi, meno nje: "Mchawi wewe! Hata mwanao utamla!" Kisha uso wa Zena, analia.

Sikumwambia Zena! Nilimwambia Pazi, mwendesha boti, mtani wangu, alipochelewa kutuletea maji. Naye alinijibu mabaya zaidi. Zena alilia siku nyingine kabisa, alipotolewa. Wamekata huku, wakaunga huku.

Zena alimzika mwanawe masika ya mwaka jana. Aliinuka, akatoka.

Ijumaa, 9 Mei

Hakuja shambani. Nilikwenda kwake. Mumewe kasimama mlangoni. "Shemeji, rudi tu."

Sokoni wananong'ona. "Hata shoga yake kamwita mchawi, basi lipo jambo." Yaani sasa anayetazamwa vibaya ni Zena.

Jumamosi, 10 Mei

Nimempigia mtayarishaji Dar. Eti, "Dada, ule ni mchezo. Si mlikubali wenyewe kudanganyana?"

Mshenzi. Ndiyo, tulikubali. Sisi kwa sisi, kila mmoja akijua mwenzake ana hila, na mchezo ukiisha tunakula pamoja. Waliokuwa ukumbini nani aliwaambia kuwa na wao wanachezewa? Na mdomo wangu nani aliwapa?

Na mimi mjinga. Nilimtania mtani mbele ya kamera kana kwamba kamera nayo imezaliwa kwetu.

Jumapili, 11 Mei

Pazi kaja kutoka Salale. Habari zimemfikia. Hakupita kwangu. Kaenda moja kwa moja kwa Zena, kalala chali mlangoni kama watani wafanyavyo msibani. Watu wakajaa.

"Siondoki! Nimeibiwa! Tusi langu limeletwa nyumba hii, nalitaka! Mchawi mimi, mama huyu mnambebesha mzigo wa watu!"

Watu wakaangua kicheko, hata wale wa kunong'ona. Nikaitwa. Nikamtukana Pazi upya mbele ya wote, neno kwa neno. Akanirudishia yale yale ya Salale, na mengine mapya. Mume wa Zena akamshika mkono, akamwinua.

Zena alikuwa dirishani. Hakucheka.

Jumanne, 13 Mei

Ndege wachache. Jana nilikuwa peke yangu dunguni. Leo pia, mpaka jua lilipopanda. Kisha nikasikia debe linagongwa upande wa pili. Sikugeuka, niliogopa.

Mchana Zena kaweka bakuli la kande katikati yetu. Tukala.

"Nilijua si mimi uliyemtukana," alisema. "Nilikuwepo siku ile. Lakini ilikuwa sauti yako."

Nilikosha bakuli. Ndege wakarudi, tukashika madebe.