Pudini ya Mama Peter

Edmonton, Landani

Dada yangu Zuwena,

Assalaam alaykum. Goti lako linaendeleaje, na kifua cha Shangazi Rukia kimetulia? Mimi mzima, ila roho imenichafuka tangu Krismasi, na hapa sina wa kumwambia.

Unamkumbuka Peter, mume wa Salma wangu, aliyesilimu kabla ya ndoa. Mama yake kila mwaka huupikia pudini ya Krismasi ukoo wao wote, watu wa kujaza ukumbi wa kanisa. Safari hii alivunjika mkono. Alikuwa amesikia kwa Salma kwamba huko kwetu nilikuwa nikipika haluwa za harusi, basi akaniomba nimpikie yeye akiniongoza. Nikakubali kwa sharti: mafuta ninunue mwenyewe kwenye bucha la Waislamu, na pombe isiingie, kwa kuwa Maryam, mjukuu wangu wa pekee, atakula. Yule mama akasema, "Hata tone, Bwana Said." Salma alifurahi mno. Miaka yote ile wakwe zake hawakuwahi kumwita baba yake kwa jambo lolote.

Dada, sijapata kupika kitu cha kinyaa kama kile. Unachukua yale mafuta magumu yanayozunguka figo za ng'ombe, unayaambua utando kwa vidole, unayakuna kama nazi. Unachanganya na mkate mkavu uliosagwa, zabibu, maganda ya machungwa na sukari nyeusi, unakoroga mpaka beseni zima linafanana na udongo wa kukandikia ukuta. Desturi yao kila mtu wa nyumbani aje akoroge mara moja, anuie jambo moyoni. Wakaja, wengine wametoka kumkumbatia mbwa. Kisha unajaza mabakulini, unafunga kwa kitambaa, unapika kwa mvuke kutwa nzima. Madirisha yalitoka jasho la mafuta. Koti langu linanuka figo mpaka leo. Na baada ya yote hayo hali mtu kitu: mabakuli yanafungiwa kabatini wiki kadhaa, eti pudini ikomae. Sisi haluwa tuliikoroga mpaka ikaacha sufuria, tukaila ingali moto, mtaa mzima unanukia hiliki. Tangu Mapinduzi yatutoe huko, mengi nimeyasahau, hilo sijalisahau.

Siku yenyewe wakazima taa za ukumbi. Kaka yake yule mama akatoka jikoni na pudini yangu kubwa, inawaka moto wa buluu. Watu wakapiga makofi. Harufu ilinifikia kabla ya sahani: brandi. Nikamwinamia yule mama, nikamkumbusha ahadi yake. Akanipigapiga mkono kama anayembembeleza mtoto.

"Ndani haikuingia, Bwana Said. Imemwagwa juu tu, na moto umeshaila."

Nikamtazama Peter, yeye alikuwa akiitazama sahani yake. Nikainuka nimchukue Maryam. Salma akanishika mkono wa koti, akaninong'oneza kwa Kiswahili.

"Baba, kaa. Usinitie aibu. Mimi ndiye ninayeishi nao."

Nikakaa. Akala yeye kwanza, huku akinitazama. Maryam akaniangalia mimi, akamwangalia mama yake, kisha akajaza kijiko. Alipomaliza akaja kunibusu shavuni, mdomo unanuka brandi, akaniambia kwa Kiingereza chake kwamba babu ni mpishi hodari. Nikamwambia ahsante. Nikatoka nje, nikatema mate mengi, na mimi sikuonja hata punje.

Nisalimie shemeji, na mwanao mwalimu wa chuoni, na jirani yetu mshonaji ikiwa bado yupo. Shangazi najua atauliza, kama aulizavyo kila mara, Maryam amefika juzuu gani. Mwambie anakua, na ana heshima kwa wakubwa. Ya pudini usimwambie.

Ni mimi mdogo wako,
Said