Siku Niliyokunywa Maji ya Hafsa

Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Nje kuna yale manyunyu ya Birmingham, hayanyeshi wala hayakomi, na mimi nina furaha mpaka nimeunguza vitunguu vya sambusa. Mgeni anakuja saa kumi na mbili. Nimezima jiko, atanisamehe. Hili lazima niliandike likiwa bado la moto.

Hafsa, binti yangu wa miaka minane, leo amepata kumi na tisa kati ya ishirini na tano kwenye jaribio la kuzidisha. Najua, najua. Kuna akina mama hapa mtaani kwetu Alum Rock watakaosoma na kusema, ala, kumi na tisa nayo ni ya kupigiwa vigelegele? Subirini kwanza.

Wiki nne zilizopita alirudisha karatasi tupu.

Tupu kabisa. Jina juu, tarehe, basi. Jumatatu yake mwalimu aliniita langoni saa ya kuwachukua watoto, akanionyesha ile karatasi kwa sauti ya upole, na upole wa walimu hunitia hofu kuliko kelele zao. Alisema alipomuuliza Hafsa kwa nini hakujaribu hata swali moja, mtoto alimjibu kwa utulivu kwamba hakukuwa na haja, kwa sababu mama alikuwa amekunywa maji.

Mwalimu hakuelewa. Mimi nilielewa, nikatamani ardhi inimeze.

Maji yenyewe ni haya. Nimelelewa Garissa, na nyumbani kwetu mtoto akienda kwenye mtihani, mama humsomea maji. Chupa ndogo, aya za Kurani, unapuliza, mtoto anakunywa, anakwenda. Mamangu alinifanyia hivyo, nami humfanyia Hafsa kila Ijumaa, maana Ijumaa ndiyo siku yao ya majaribio. Sioni aibu na sijaacha. Lakini Ijumaa ile mimi pia nilikuwa na mtihani, wa kuendesha gari, mara ya tatu. Nikaiona chupa ya Hafsa mezani, nimeshaisomea, yeye hajaigusa. Nikapiga funda moja. Nikapiga la pili.

Nikaimaliza. Chupa ya mtoto, jamani!

Na nikafeli vilevile.

Jioni yake nilimlalamikia dadangu kwenye simu saa nzima. Mtahini alikuwa na kisirani. Mvua ilinikosesha. Halafu kuna Mama Furaha, jirani yetu Mkongo, mtu mwenye moyo safi kabisa, ambaye asubuhi aliniona nikitoka akapaza sauti kutoka ng'ambo ya barabara: "Mama Hafsa, leo uko muzuri sana!" Hakusema mashallah ya kukinga jicho. Atasemaje mashallah, na yeye ni mwimbaji wa kwaya? Lakini mimi nilimwambia dadangu, ni jicho lile, hakuna kingine. Hafsa alikuwa kwenye kochi anakula biskuti, masikio yamesimama, hakupitwa na neno.

Sasa niungame. Katika nyumba hii hakuna mtu aliyekuwa akifanya jambo lolote. Hafsa akifaulu, ni dua za mama. Akifeli, ni jicho la watu. Mtoto mwenyewe yuko wapi hapo? Sikumwachia hata pa kusimama, halafu nikashangaa kwa nini ameketi.

Mwalimu hakunisuta. Alimpa Hafsa daftari dogo aandike kila siku mistari miwili tu: leo nilifanya nini, na kikatokea nini. Yawe mema, yawe mabaya.

Siku ya kwanza Hafsa aliandika: "Nilicheza na kikombe cha maziwa. Maziwa yakamwagika." Nikacheka sana. Akanikazia macho. Mimi humsemesha kwa Kiswahili, yeye hunijibu kwa Kiingereza cha hapa, na tukigombana tunahamia Kisomali sote. Siku hiyo aliniuliza kwa Kisomali, nikajua si mchezo: na wewe, Hooyo, lako liko wapi? Hooyo ndiyo mama. Tukabandika karatasi kwenye friji, upande wake na upande wangu.

Sentensi yangu ya kwanza ilinichukua siku mbili.

"Sikutazama kioo cha kushoto. Nikafeli."

Wallahi huo ndio ukweli. Mtahini aliniambia baada ya kumaliza, kwa adabu zake zote, nami nilimsikia vizuri tu. Kulikuwa na mtu wa baiskeli upande wa kushoto, nikakata kona bila kumwona, na ni mtahini aliyekanyaga breki. Kisha nikarudi nyumbani nikamsingizia Mama Furaha wa watu! Hata salamu zake nilianza kuzikwepa. Nikimwona anakuja, navuka barabara, najifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Hafsa aliisoma ile sentensi mara mbili. Akauliza, kwa hiyo ungetazama, ungepita? Nikamwambia pengine. Sikuweza kumwahidi. Akauliza tena, na mimi ningeandika? Nikamwambia, ungeandika, angalau ungepata chache. Akachukua penseli, akaandika upande wake: "Sikuandika. Nikapata sifuri."

Tangu siku hiyo nyumba haikaliki. Saba mara nane bafuni. Saba mara nane kwenye foleni ya buchani, na mwenye bucha naye akaingilia na jibu akakosea. Mimi nikipika, Hafsa ananiuliza alama za barabarani, na nikikosa ananirudisha mwanzo bila huruma. Kila Ijumaa namsomea maji kama kawaida. Anakunywa, anashukuru, halafu anatoa karatasi yake na kupitia hesabu mara ya mwisho. Alipata tatu. Akapata kumi na moja. Wiki iliyofuata akashuka hadi saba, akalia, na mimi nikauma ulimi nisitaje jicho la mtu. Sitadanganya, lile neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nikamwambia tukaangalie ni zipi zilizomshinda. Zilikuwa za nane, karibu zote, na tukaanza nazo jioni hiyohiyo.

Na leo, sasa! Ametoka langoni mbio, begi linampigapiga mgongoni, kofia sijui kaiacha wapi. Kumi na tisa! Nikamkumbatia, nikaanza alhamdulillahi zangu, naye akajichomoa mikononi mwangu. Alikuwa hajamaliza kusema. Zile sita alizokosa ni za kumi na mbili. Hakuzifanyia mazoezi, alidhani hazitakuja. Ataanza kesho.

Nimelia palepale langoni. Akina mama wengine wamedhani nina msiba.

Kumi na tisa nimezifurahia, tena sana. Lakini zilizoniliza ni zile sita. Mtoto amekosa na hakumtafuta wa kumlaumu, wala hakujiita mjinga. Amesema alichokiacha na lini atakianza. Mimi nimefika miaka thelathini na sita ndipo nikajifunza kusema hivyo, tena kwa kusukumwa.

Mtihani wangu ni Jumatatu, saa tatu asubuhi. Mara ya nne. Nimepata nafasi ya mtu aliyeghairi.

Tulipofika nyumbani, hata koti sijavua, Hafsa akaniletea ile chupa. Amejaza maji mwenyewe, akayasomea zile sura fupi anazozijua, na katikati ya chupa amechora mstari kwa kalamu ya wino mzito. Juu ya mstari ni yangu ya Jumatatu, chini ni yake ya Ijumaa, na nisithubutu kuvuka. Halafu akanihoji: kioo cha kushoto umekifanyia mazoezi mara ngapi leo?

Nikamwambia mara tatu. Uongo mtupu, na akaujua. Akaniambia twende nje.

Basi tumeketi kwenye gari la baba yake lililoegeshwa mbele ya nyumba, injini imezimwa, manyunyu juu ya vioo. Yeye kwenye kiti cha mtahini, ubao wa kukatia mboga mapajani na karatasi juu yake, uso umekazwa kweli kweli. Kioo cha kati. Kulia. Kushoto. Tena. Tena, Hooyo, hukugeuza kichwa. Mara ya kumi hivi, ndani ya kioo cha kushoto namwona nani? Mama Furaha, na mwavuli wake wa zambarau, anakuja na mifuko ya sokoni.

Hatua zake zilipungua alipotuona. Alijua nimekuwa nikimkwepa, nani asingejua? Hafsa akafungua mlango wake kabla sijafikiri, na Mama Furaha, kwa vile ni Mama Furaha, akainama akachungulia ndani akacheka: "Mama Hafsa! Ndani ya gari uko muzuri sana!"

Hafsa akanigeukia. Penseli juu, anangoja kusikia nitakachosema.

Nikasema, asante, mama. Nimefanya mazoezi sana. Na nikamwambia aje jioni, kuna sambusa, kuna chai, na kuna radhi ninayotaka kumwomba ana kwa ana.

Sasa nimerudi jikoni kukata vitunguu vingine. Karatasi ya mtahini wangu imebandikwa kwenye friji, upande wangu, kwa mwandiko wa Hafsa. Mistari miwili tu.

"Hooyo alitazama kushoto. Akamwona Mama Furaha."