Yungiyungi Mwingine Darasani Kwangu

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla hasira hazijanifikisha pabaya. Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza. Miaka saba iliyopita nilijifungua binti ambaye hakulia, na mkunga aliponiuliza jina nikamwambia Yungiyungi, akasema hajawahi kulisikia, nikamweleza huku machozi yananitoka kwamba ni ua la bwawani, mizizi yake iko topeni lakini lenyewe hutoka safi, na bibi yangu aliyekuwa akiteka maji hapo ndiye aliyetaka binti yangu wa kwanza aitwe hivyo, basi tukamzika na jina hilo. Mwaka huu nafungua daftari la mahudhurio nakuta Yungiyungi, miaka sita, namuuliza maana ya jina lake ananijibu yale yale, mpaka tope, kisha anasema, "Mama aliliota usingizini." Mama alipokuja kumchukua, kumbe ni yule yule mkunga, akanisalimia wala asinitambue. Tangu siku hiyo jina silitamki, namwita "wewe wa dirishani", akinyoosha kidole namruka, na sasa ameacha kunyoosha. Nataka jina libadilishwe au mtoto ahamishwe. Nimekosea?

Mwalimu mwenye hasira

Mwalimu, pole sana. Huyo mkunga hana haya. Umemfungulia moyo ukiwa kitandani, yeye kaondoka na jina, tena kasingizia ndoto. Ningekuwa wewe, ningempasha.

Lakini na wewe nikuseme. Mkosaji ni mtu mzima, adhabu unampa mtoto. Jina alivikwa hata kukaa hajui. Leo hanyooshi kidole, kesho hatafungua mdomo, na aliyemnyamazisha ni wewe. Aibu, mwalimu.

Mwite mkunga baada ya masomo, mtoto asiwepo. Mwambie wewe ni nani na ulijifungua siku gani, akibabaika mngoje amalize. Usimwombe abadilishe kitu. Mwagize amweleze mwanawe ukweli, kwamba jina limetoka kwa bibi yako mteka maji, na kwamba yupo aliyetangulia kuitwa hivyo. Habari za ndoto ziishe.

Ila hilo lisubiri. Kwanza, kesho asubuhi, fungua daftari, fika kwenye mstari wake, uite jina lote kwa sauti. Ukiishia katikati, rudia. Wa kwanza hukupata kumsikia. Huyu atakujibu, "Nipo, mwalimu."